Mama Mdogo, Hayakuwa Malimau Yako

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Assalaam aleikum, wewe na wote mlioketi hapo uani. Barua hii nimeituma kwa Zuhura, binti wa jirani yako, kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu yeye anasoma vizuri. Nimemwomba akusomee kwa sauti, watu wakiwepo. Najua msimu wa korosho umeanza na hapo kwenu Tunduru hawakosekani watu watano sita wanaochambua. Sawa kabisa, wasikie. Nilikusema vibaya mbele ya watu, siwezi kuja kukuomba radhi mafichoni. Zuhura mdogo wangu, soma taratibu, na ukifika mahali pa aibu usiruke.

Naanza na mazuri, kwa sababu naogopa kufika kwenye mabaya.

Unakumbuka uliponitoa Tunduru, mama yangu akiwa hajatimiza hata arobaini tangu tumzike? Nilikuwa darasa la nne. Tuliposhuka stendi ya Songea baridi ilinishika mpaka meno yakagongana. Ukanifunika kitenge chako, wewe ukabaki na blauzi, ukawa unasema husikii baridi huku midomo inatetemeka. Kesho yake ukanipeleka kazini kwako, ile nyumba ya wageni ya Bombambili, ukanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sikuwahi kuona mashuka meupe mengi hivyo kwa pamoja. Yalijaa uani, nyaya nne, na mimi nikauliza nani analala kwenye yote haya.

"Watu wasiotujua," ukasema. "Ndiyo maana lazima wayakute safi."

Nilijifunza kazi kwa kukutazama. Kila shuka unalikung'uta, unaliinua kwenye mwanga, unatafuta doa kabla maji hayajaligusa. Damu kwa maji baridi na chumvi. Chai kwa sabuni ya mche. Mafuta ya nywele kwenye foronya unayafikicha kwa sabuni ya unga ikiwa kavu. Halafu kuloweka, kuchemsha kwenye lile pipa, kusuuza maji matatu, na maji ya mwisho unatia bluu, ncha ya kijiko tu, maana ikizidi mgeni ataona amelalia shati la mwanafunzi. Kila Ijumaa ulikuja na malimau kwenye kikapu, unayakata, unayachemsha, mashuka yanalala humo mpaka jua likae katikati. Waya wa kuanikia uliufuta kwa kitambaa kila asubuhi kwa ajili ya kutu. Na kabla ya kuanika ulitoka na ndoo kwenda kumwagia barabara maji, vumbi jekundu litulie. Vijana wa bodaboda walikucheka sana, baadaye wakazoea, wakawa wanapunguza mwendo wakifika kwetu.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kukamua. Shuka la futi sita mtu mmoja haliwezi. Wewe unashika ncha hii, mimi ile, kila mtu anazungusha kulia kwake, mpaka linakakamaa na maji yanatuchuruzikia miguuni. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukinivuta kwa makusudi, nakuja mbio mpaka kifuani kwako. Tulikuwa tunacheka mpaka Salome mpishi anachungulia kutoka jikoni kuuliza tumepata nini. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kukuvuta mimi.

Wanaosikia barua hii wasidhani nilikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa mtoto asiye na subira, na mwanamke asiye na subira ndiye niliyekuwa baadaye. Wewe unaweza kukaa na doa moja kutwa nzima kama mtu anayebembeleza mgonjwa. Mimi doa nikilisugua mara mbili halijatoka naona linanifanyia kiburi.

Mwaka jana maji ya bomba yakaanza kuja kwa kubahatisha. Madam, mwenye nyumba ya wageni, akachimbisha kisima nyuma ya jiko. Siku maji yalipotoka tulipiga vigelegele, wewe peke yako hukupiga. Ulikinga kiganja, ukaonja, ukatema.

"Yana ladha ya msumari," ukasema.

Ukaweka ndoo moja kando mpaka asubuhi, ukaniita niione. Chini kulikuwa na tope laini jekundu, na ukingoni duara la kutu. Ukaninyooshea kidole, jambo ambalo hulifanyi hovyo.

"Asha, maji haya usiyatie jiki, dawa hii ya kung'arishia. Hata tone. Ukitia jiki, ile kutu iliyojificha ndani ya maji inatoka yote na kuhamia kwenye nguo. Utajuta."

Nikajua kinachofuata ni habari ya kanzu. Kanzu ya Idd ya marehemu Baba mdogo, uliyoitia jiki kwa maji ya kisima cha kijijini ukitaka ing'ae kuliko za wenzake, ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Naye akaivaa hivyo hivyo, akaenda kuswali, na walipomuuliza akasema ndiyo fasheni iliyofika Songea. Habari hiyo nimeisikia mara mia. Ilifika mahali nikawa naimalizia mimi kabla yako. Wallahi niliijua yote isipokuwa maana yake.

Sasa Zuhura, hapa ndipo pa kutoruka.

Niliyatia jiki. Nilikuwa na chupa yangu, nimeificha nyuma ya tenki la maji. Njia yako ilikuwa inatuweka mpaka alasiri, na mimi nilitaka saa saba niwe nimeshatoka, nimfuate mwanangu Sharifa shuleni, nirudi zangu nyumbani Mfaranyaki nikapumzike kama watu wengine. Hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine kubwa zaidi. Siku zisizo za malimau nilikuwa nakungoja uende kuswali adhuhuri. Ukishatandika mkeka wako kule stoo, nami namimina kizibo kimoja kwenye karai. Baadaye vikawa viwili. Baadaye vitatu. Nilitumia swala yako, Mama mdogo. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili, sasa nimeiacha.

Mashuka hayakugeuka siku moja. Yalianza kwenye mapindo, unjano kidogo ambao ukitaka kuukana unaukana. Halafu katikati. Mimi nikadhani jiki haitoshi, nikaongeza. Wewe uliona, ukanyamaza, ukaanza kuleta malimau siku mbili kwa wiki badala ya moja. Ukawa unayarudisha mashuka nyuma kwenye weupe, mimi nayapeleka mbele kwenye njano, tunapigana juu ya mashuka yale yale bila kuambiana.

Ndipo mgeni mmoja akapiga picha kitanda chake na kuituma kwenye kundi la simu la watu wa harusi, waliokuwa wamepanga kuchukua vyumba vyote kumi na viwili. Wakaenda kulala kwingine.

Ile asubuhi ya kikao cha uani baridi ilikuwa kali, ukungu ulikuwa haujaondoka. Tulisimama mimi, wewe, Salome mpishi, dada wa mapokezi na mlinzi. Madam alikuwa ameshika shuka la chumba namba tano kwa vidole viwili.

"Nimevumilia," akasema. "Leo nataka kujua nani ananiharibia mashuka, na huyo mtu leo leo anaondoka hapa. Sitaki kesi ndefu."

Nikawaza chupa iliyo nyuma ya tenki, hatua kumi tu kutoka pale alipokuwa amesimama. Nikawaza Sharifa na sare yake. Madam akanigeukia.

"Asha, wewe kijana una macho. Hii njano ni ya nini?"

Nikasema. Hakuna aliyenishikia fimbo, nilisema kwa mdomo wangu huu huu. "Ni malimau, Madam. Mama mdogo analowekea malimau. Nimemwambia aache, hasikii. Mambo ya kizamani."

Njano na njano, nani angebisha? Wote walikitazama kikapu chako. Kilikuwa pale pale, kimejaa, kinang'aa kama ushahidi. Mlinzi akatikisa kichwa akasema, "Kumbe!"

Wewe hukukitazama kikapu. Ulinitazama mimi. Nilitazama chini, nikawa naona vidole vya miguu yako kwenye kandambili, vimekunjamana kwa maji ya miaka yote ile.

"Mama, ni kweli unatia malimau?" Madam akauliza.

"Ndiyo, natia."

"Kuna kingine kinachotiwa humu?"

Ulifuta mikono kwenye aproni. Kisha ukasema, "Sijui, Madam."

Nikashusha pumzi. Nikaamini hujui kweli. Maana wewe husemi uongo. Wewe ni mtu wa kumrudia muuza nyanya sokoni kumwambia amekosea, amekupa fungu kubwa.

Alikwambia ukabidhi ufunguo wa stoo. Hukulia, hukujitetea. Ulivua aproni, ukaikunja mara nne, ukaiweka juu ya jiwe la kufulia. Nikafikiri umemaliza, nikageuka niondoke, ukaniita mwanache, yaani mtoto kwa Kiyao chetu, vile unavyoniita ukiwa umechoka. Kulikuwa na shuka moja limebaki kwenye maji ya kusuuza.

"Shika ncha," ukasema.

Tukalikamua. Kila mtu kulia kwake. Hakuna aliyemvuta mwenzake. Ukalianika, ukanyoosha mapindo kwa kiganja kama kawaida, ukachukua furushi lako na kikapu, ukatoka kwa lango la nyuma. Kesho yake ukapanda basi la Tunduru.

Miezi mitatu, Mama mdogo. Nilipewa kazi yako na ufunguo wako. Malimau yakapigwa marufuku. Madam aliyatamka kwa sauti ile watu wanayotumia kutaja panya. Chupa yangu sikuikuta nyuma ya tenki, nikadhani imetupwa na takataka, nikanunua nyingine. Nikawa nafua peke yangu kwa maji ya kisima na jiki, na sasa hakuna aliyekuwa anayarudisha nyuma. Wiki ya tatu mashuka yakawa rangi ya mchele mbovu. Mwezi wa pili, rangi ya kanzu ya Baba mdogo.

Madam aliuliza. Nikasema ni losheni za wageni. Akauliza tena, nikasema ni vumbi la kiangazi. Mara ya tatu nikasema sabuni ya siku hizi imechakachuliwa. Kila nikisema nilikuwa namtazama usoni, na aliniamini, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi kuliko kama angenikaripia. Sharifa aliniuliza mbona nasaga meno nikiwa nimelala.

Wiki iliyopita nikashindwa. Nilichukua foronya mbili kuukuu, zote nyeupe bado, nikachota maji ya kisima kwenye mabeseni mawili. Moja nikatia jiki, moja sikutia kitu. Nikakaa kwenye ndoo kuangalia. Sikukaa sana. Maji yenye jiki yakaanza kugeuka, kwanza kama mkojo, kisha kama chai, na foronya ikayanywa mbele ya macho yangu. Ile nyingine ikakaa ilivyo. Nikaisuuza ile mbaya kwa maji ya bomba niliyoyakinga, mara nyingi, mpaka harufu ya jiki ikaisha, kwa sababu nakumbuka ulivyonionya kwamba jiki na limau visikutane, vinatoa hewa ya kuua mapafu. Kisha nikaipaka limau na chumvi, nikaianika juani juu ya majani. Nilipoirudia, njano ilikuwa imeanza kuondoka. Haikuisha yote, lakini iliondoka kutoka pale nilipopaka limau, na pale tu.

Nikakaa chini uani nikalia kwa sauti. Salome akatoka jikoni na kisu cha viazi mkononi, akiogopa kuna msiba. Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, hakushtuka hata kidogo.

"Mama mdogo wako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Jiki. Ile asubuhi, kabla hatujaitwa, nilimwona anaitoa chupa nyuma ya tenki. Akaifungia kwenye kanga, akaiweka kwenye furushi lake. Madam alikagua uani kote baada ya kikao, hukumwona? Angeikuta, ungefukuzwa wewe."

"Sasa Salome, mbona hukusema?"

"Alinishika mkono. Akaniambia, niachie mwenyewe, mwanache ana mtoto shuleni."

Mama mdogo, nataka nikuambie nilichosikia moyoni wakati ule, hata kama hakipendezi. Nilikukasirikia. Kabla ya aibu, kabla ya kukuhurumia, nilikukasirikia sana. Ungenizaba kofi mbele yao wote, leo ningekuwa nimepona. Ungesema, "Huyu hapa, na chupa yake hii hapa," ningekuchukia mwezi mmoja, kisha tungepatana. Badala yake ulibeba kosa langu kwenye furushi, ukalipandisha basi, ukaenda nalo kwa ndugu zako, nao bila shaka wamekuuliza kwa nini ulifukuzwa kazi baada ya miaka yote ile, na nina hakika umewajibu kwamba umezeeka tu, umeamua kupumzika. Basi ninyi mnaosikia, hakuzeeka na hakuamua. Hakuna mtu Songea nzima anayejua kung'arisha shuka jeupe kama huyo mliyeketi naye.

Jana asubuhi nilimwendea Madam ofisini. Nilimwekea mezani foronya mbili, nikamweleza jiki, kisima, tenki, malimau, nikamweleza hata losheni na vumbi na sabuni. Hakunikatiza. Alizigeuza zile foronya upande huu na upande ule, kule jikoni Salome anatwanga vitunguu saumu.

"Kwa hiyo," akasema, "mtu aliyekuwa ananiokolea mashuka ndiye niliyemfukuza."

"Ndiyo, Madam."

"Mwite arudi. Mwambie ni mimi namwomba. Na wewe Asha, leo sikufukuzi wala sikubakizi. Akija nitawaita pale pale uani, wale wale, nimuulize upya. Atakalolisema yeye juu yako ndilo nitakalolifuata."

Kwa hiyo nafasi yangu iko mdomoni mwako. Sikufichi, naogopa. Nikiondoka pale sijui nitakwenda wapi, na Sharifa anaingia darasa la saba mwakani. Lakini kuna kitu ninachokiogopa zaidi, nami nakujua vizuri. Utakuja. Utasimama uani na kandambili zako. Madam atakuuliza, nawe utanitazama, utawaza sare ya Sharifa, kisha utasema, "Ni mtoto, Madam, alipitiwa." Au utasema tena lile neno moja, hujui. Nami nitabaki na kazi, tutafua pamoja, tutakamua, na kila siku nitakuwa nakula kwa uongo uliousema kwa ajili yangu, wewe usiyejua kusema uongo.

Usifanye hivyo. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba vitu nikiwa mdogo, nikining'inia kwenye kanga yako. Sikuombi kazi, wala sikuombi unisamehe leo. Kunisamehe ni kwako, chukua muda wowote unaoutaka. Nakuomba uniseme. Ulinifunika siku ya kwanza stendi na ulinifunika siku ya mwisho uani, na mimi sasa nina umri wa kutosha kupigwa na baridi yangu mwenyewe.

Wasalimie wote hapo, na wanisamehe kwa kuwakatizia korosho zao. Sharifa anakusalimia, anasema shikamoo bibi, anauliza utakuja lini kumsuka. Nakuaga kwa adabu niliyoikosa siku ile.

Zuhura akishakunja karatasi hii, watu watakugeukia, watataka kujua kama ni kweli. Nakuomba usiangalie chini. Waambie, "Ni kweli. Asha alinisingizia, na mimi nilijua." Sema kwa sauti, mpaka wa nyuma asikie. Ukishasema hivyo ndipo upande basi.

Mimi mwanao,
Asha
Bombambili, Songea